Riwaya Yetu Haijabisha Hodi Masaki

Riwaya ya Kiswahili ya mjini inaishi kwa hodi. Mtu anabisha, anakaribishwa, chai inamiminwa, na ndani ya kurasa mbili siri imeshatoka. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anamkimbia mumewe, na anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo. Uondoe mlango wa Mwajuma uone kama kutabaki riwaya. Hata Denge, anayewindwa na makachero wa serikali ya kikoloni, anaishi kwa milango ya watu.

Nimeirudia riwaya hii mwezi uliopita nikiwa Masaki, Dar es Salaam, kwenye moja ya zile fleti zenye huduma zote, apatimenti kama tunavyoziita. Kazi ilinileta kutoka Mwanza kwa wiki mbili na ofisi ndiyo ililipa. Kwa mshahara wangu ningeishia getini. Kusema kweli, wiki mbili zile sikusikia hodi hata moja kutoka kwa mgeni. Mgeni anasimamishwa na mlinzi, inapigwa simu juu, ndipo anapanda lifti. Jirani yangu nilimfahamu kwa viatu tu.

Mkosoaji akikosa kitabu husoma hata maelekezo ya mashine ya kufulia, basi nami nikasoma maandishi yote ya jengo lile. Kabrasha la wageni lilikuwa la Kiingereza mwanzo hadi mwisho, tena Kiingereza cha unyenyekevu, kila ukurasa umejaa tafadhali na asante. Kiswahili nilikikuta mahali pamoja, kwenye karatasi iliyobandikwa ngazi za nyuma wanakopita wafanyakazi. Ilikuwa na sentensi tatu, zote zikianza na "Marufuku". Ya pili ilikataza kuongea kwa sauti.

Nikauelewa ule ukimya. Kuna watu wanaulinda kwa kunyamaza wao. Waingereza walipoupanga mji huu kwa rangi, upande huu wa bahari waliutenga kwa ajili yao, na jina Uzunguni halijafa midomoni mwetu. Siku hizi anayelipa anaingia, hata mimi kwa hela ya ofisi. Ngazi za nyuma zimebaki.

Dada wa usafi alikuja kila asubuhi, raba laini miguuni. Siku ya tano tukazoeana, nikamuuliza kama anawajua wapangaji. Akacheka kwa sauti ya chini. "Dada, humu mtu namjua kwa kapu la taka." Anajua nani anaumwa, nani karudia pombe, nani kaachwa. Anajua mengi kama alivyojua Mwajuma, ila yeye hana chumba cha kumkaribisha mtu pale, na aliyoyajua haruhusiwi kuyasema.

Sasa hadithi za mjini ninazoletewa kusoma nyingi bado zinafunguka uani: vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja, wapangaji wakigombania zamu ya kudeki. Siibezi nyumba ile, nimekulia humo. Lakini waandishi wengine wameshahama zamani, wao wenyewe wanakaa fleti, na uani wanarudi kwa kalamu tu kwa sababu kule visa vinajiandika. Fleti ikitajwa, basi ni ya kimada. Mume mzinzi anaingia, kitanda kinaelezwa aya nzima, anatoka. Nani alikitandika? Hakuna anayeuliza. Ukimya nao upo kwa Kezilahabi, lakini ule wa Nagona (1990) ni wa ndoto na falsafa, hauna bili ya jenereta.

Atakayemwandika yule dada ana kazi ngumu, na ndiyo maana nataka kuisoma. Hatakuwa na jirani wa kusikia ugomvi ukutani, wala shoga wa kuletewa umbea kibarazani. Itabidi asimulie kwa vitu: bahasha iliyochanwa, chupa ya dawa, shuka za upande mmoja wa kitanda. Na Kiswahili chake itabidi kiwe cha kunong'ona, kitu ambacho wasimulizi wetu wenye sauti kubwa hawajakizoea. Mimi ningemwanzia kwenye daladala, saa kumi na moja alfajiri, raba zikiwa bado kwenye mfuko wa plastiki, yeye na abiria wenzake wakibishana kwa sauti yote waliyonayo.