Yatima wa Kutengenezwa: Le Guin alivyoijenga nyumba ya makuhani wa Atuan

Msomaji wa riwaya za fantasia anaijua nyumba hii hata kabla hajafunguliwa mlango. Wanaishi humo wanawake wakali waliovaa vazi la rangi moja, wenye siri zao na sala zao, na chini yao mabinti wasio na wazazi wanaoamshwa alfajiri na kufundwa mpaka wawe kama wao. Frank Herbert aliwaita Bene Gesserit katika Dune mwaka 1965, na Jessica, mama wa shujaa wake, amekulia mikononi mwao bila kuwajua wazazi wake. Mark Lawrence aliwapa masista wake visu na sumu katika Red Sister mwaka 2017. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ufundi mkubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Ursula K. Le Guin katika The Tombs of Atuan, yaani Makaburi ya Atuan, riwaya fupi iliyotoka mwaka 1971 ikiwa ya pili katika mfululizo wake wa Earthsea. Wengine huwachukua watoto ambao tayari ni yatima. Le Guin anamchukua mtoto mwenye baba na mama walio hai, kisha anatuonyesha hatua kwa hatua jinsi anavyofanywa yatima. Ukali wa nyumba yake unatokana na kunyang'anya zaidi kuliko kuchapa, na hapo ndipo penye ufundi ninaotaka kuuchambua.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Katika nchi ya Wakargad, kwenye kisiwa cha Atuan, kuna mahali jangwani penye mawe 9 yaliyosimama juu ya giza la chini ya ardhi, na giza hilo linaabudiwa. Kuhani wake mkuu huaminiwa kuwa hafi. Mwili ukifa, hutafutwa mtoto wa kike aliyezaliwa usiku uleule, na huyo ndiye kuhani aliyerudi. Anaachwa kwao mpaka atimize miaka 5, kisha anachukuliwa moja kwa moja. Safari hii mtoto ni Tenar, binti wa watu maskini. Mwanamume haruhusiwi kuingia ndani ya ukuta, isipokuwa matoashi wanaolinda na kutumika.

Tuanze na dibaji, kwa sababu ndiyo msumari unaoshika jengo zima. Ni kurasa chache tu. Jioni inaingia, miti ya matofaa inakaribia kuchanua na ua mojamoja limewahi, na mtoto anakimbia peku chini yake huku mama akiwa mlangoni akimwita arudi nyumbani. Jina Tenar liko katika wito huo, katika maneno ya kwanza kabisa ya riwaya. Baba naye, jembe mkononi, anamlaumu mkewe kwa kuutundika moyo wake kwa mtoto ambaye karibu watakuja kumchukua, kwani ni sawa na aliyekwisha kuzikwa. Dibaji inaishia hapo na hatuwaoni tena wazazi hao. Kuanzia sura ya kwanza usimulizi unahamia ndani ya macho ya mtoto na kubaki humo, na mtoto anasahau. Anasahau miti, anasahau mlango, anasahau sauti ya mama. Sisi hatusahau, maana tulikuwepo. Kwa kurasa hizo chache Le Guin ametukabidhi amana ambayo mwenyewe mhusika hana habari nayo. Kila anapoelezwa humo ndani kwamba hana kwao, msomaji anajua kwamba alikuwa na kwao na kwamba kulikuwa na mtu mlangoni akimwita. Angeifuta dibaji na kuanza moja kwa moja hekaluni, tungempata msichana mwenye majivuno katika nyumba ya ajabu, na tungemtazama kwa udadisi tu.

Hatua inayofuata ni jina. Mtoto ana miaka 6. Anapigishwa magoti mbele ya kiti cha enzi kitupu, na mtu aliyefunika uso anainua upanga juu ya shingo yake, kisha mwingine mwenye vazi jeusi anauzuia mkono usishuke. Baada ya hapo yeye si Tenar. Anaitwa Arha, maana yake Aliyeliwa. Hapa msomaji wa Kiswahili ana kipimo ambacho wahakiki wengi wa Magharibi hawana. Sisi tunajua unyago. Tunajua mwali anayewekwa ndani, kungwi anayemfunda kwa maneno makali, mtihani unaotisha, na katika baadhi ya jamii hata jina jipya. Kwa juujuu, sherehe ya Atuan ina viungo vyote hivyo, na sidhani ni ajali, kwa kuwa Le Guin alikuwa binti wa Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia mashuhuri wa Marekani, na mila za watu zilikuwa mazungumzo ya nyumbani kwao. Ila angalia kilichoondolewa. Mwali wa Kizaramo huwekwa ndani ili siku moja atolewe nje. Ngoma hupigwa, hupambwa, na watu waliomkosa humpokea akiwa mtu mzima. Ukali wa kungwi una mwisho, na mwisho huo ndio unaoupa maana. Nyumba ya Atuan imechukua unyago mzima na kuikata siku ya kutoka. Mtoto anaingia ndani na hakuna atakayempokea upande wa pili, kwa kuwa upande wa pili haupo. Kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya hofu inayotanda katika riwaya hii, na imepatikana bila jini wala zimwi.

Watu wa ndani wanalionaje jambo hilo? Kwa sehemu kubwa wanaliona kama kazi za kila siku, na hapa Le Guin hana haraka. Mabinti wanasokota sufu, wanafuma kitambaa cheusi, wanalima bustani, wanajifunza ngoma na nyimbo takatifu. Kuandika hakumo, maana Wakargad wanakuhesabu kuwa uchawi, hivyo kila kitu kinakaa kichwani. Hata njia za vichochoro vya chini ya ardhi, ambamo mtu akikosea hesabu ya kona amekufa, Arha anazikariri kwa kuambiwa kwa mdomo. Na kwa kuwa anaaminiwa kuwa ni kuhani yuleyule aliyezaliwa tena, anachofundishwa kinahesabiwa kuwa chake tangu zamani. Tafakari uzito wa jambo hilo kwa mtoto. Mwanafunzi wa kawaida anaweza kumkatalia mwalimu. Arha akikataa anakuwa anajikana mwenyewe.

Halafu kuna Penthe. Ni msichana wa rika lake, mnene, mcheshi, aliyeletwa hapo kwa umaskini wa kwao, na ambaye moyoni haamini hata chembe ya miungu hiyo. Angekuwa radhi aolewe na mchunga nguruwe kuliko kuzeeka jangwani. Siku moja wasichana hao wanakaa juu ya ukuta wakati wa kazi, wanakamatwa, na Penthe anaadhibiwa. Arha haadhibiwi. Hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Mwandishi asiye na uzoefu angemchapa shujaa wake ili tumwonee huruma. Le Guin amefanya kinyume, na huruma yetu imeongezeka maradufu, kwa sababu tunaona kwamba hata adhabu ni aina ya uhusiano na huyu amenyimwa nao. Penthe analia na wenzake wanajua analia. Arha anabaki peke yake na utukufu wake. Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na bado naliona kuwa ndilo linaloonyesha wazi zaidi ukatili wa nyumba hiyo.

Ukali nao haukumwagwa sawasawa kwa kila mtu, jambo ambalo waandishi wengi wa nyumba za namna hii hukosea. Thar, kuhani wa Miungu Ndugu, ni mkavu na mgumu lakini ni mwadilifu. Anaamini anachokifundisha na hamwonei mtoto. Kossil, kuhani wa Mfalme-Mungu, yaani mtawala wa nchi anayeabudiwa, haliamini giza. Anachoabudu ni madaraka. Mmoja ni mkali kwa imani, mwingine kwa kukosa imani, na mtoto anakua katikati ya hao wawili kama walezi wake. Upole anaupata kwa Manan, towashi anayemwita sega lake dogo la asali, na hata huo ni upole wa mtumwa ambaye angemuua mgeni kwa amri moja ya bibi yake. Thar anapokufa, mizani inavunjika, na tunagundua kwamba ule ukavu tuliouchukia ndio uliokuwa ukimkinga mtoto.

Kuna pingamizi ambalo limesemwa na wasomaji wengi, kwamba riwaya inachelewa. Ged, mchawi aliyekuwa shujaa wa kitabu cha kwanza, anatokea katika sura ya 5 kati ya 12, na kabla ya hapo hakuna taharuki ya maana. Hoja ina uzito kwa anayetafuta vita. Lakini nitaje kilichomo katika sura hizo nne za mwanzo. Wafungwa watatu wanaletwa kutoka kwa Mfalme-Mungu, na Arha, angali kijana, ndiye anayepaswa kuamua wafe vipi. Anaamuru wafe kwa njaa na kiu gizani. Baadaye anaugua na kusumbuliwa na ndoto. Bila miaka ile ya kusokota na kukariri tungemhukumu kuwa katili na kufunga kitabu. Tukiwa tumeifuata miaka hiyo, tunaona wazi kwamba amri imetoka katika kinywa chake na mikono iliyoiandaa ni ya wengine. Na Ged anaponaswa mle chini, swali la kama Arha atamuua au hatamuua linatushika koo, maana tunajua ameshawahi kuua kwa njia hiyohiyo. Hiyo taharuki imelipiwa na uchelewaji.

Ndipo malipo ya dibaji yanapofika. Mwishoni mwa sura ya 7 Ged, sasa mfungwa wake, anamwita kwa jina lake, Tenar. Hakuna upanga wala muujiza wa radi. Ni jina tu, na sisi tulikuwa tumelishika tangu neno la kwanza. Msomaji hashangazwi, anapumua. Sura inayofuata inaitwa Majina, na inaanza naye akiamka na jina hilo. Linganisha na Red Sister, ambamo Nona anaokolewa kutoka kitanzini na kupelekwa katika nyumba ya masista inayomfundisha kupigana, mpaka msomaji mwenyewe anatamani kupokewa humo. Lawrence ameandika vizuri, na simlaumu. Lakini nyumba inayomlipa mtoto nguvu kwa kila alichonyang'anywa ni rahisi kuipenda, na upendo huo unatusahaulisha kuuliza alinyang'anywa nini.

Pingamizi zito zaidi ni la jinsia. Wapo wanaosema Le Guin ameuchora utawala wa wanawake kuwa kaburi, kisha akamleta mwanamume kuwa mkombozi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo inajibiwa na riwaya yenyewe. Paa la hekalu la Mfalme-Mungu limepakwa dhahabu wakati ukumbi wa kale wa kiti cha enzi unabomoka. Wafungwa ni maadui wa mfalme. Kossil ni mtumishi wa mfalme. Ukiyaweka pamoja unaona kwamba wanawake hawa wanatawala ndani ya ukuta kwa ruhusa ya mtawala wa kiume aliye nje yake, na ukali wao ni ukali wa msimamizi wa shamba la mwingine. Sehemu ya pili ina ukweli nusu. Ged analeta jina, lakini ni Tenar anayempa maji, anayezijua njia, na anayeamua kutoka. Bila yeye angekufa kwa kiu. Hata hivyo nakubali kwamba hakuna mwanamke hata mmoja ndani ya nyumba ile aliyeachiwa nafasi ya kumfungulia mlango, hata Penthe asiyeamini, na hilo ni pengo.

Le Guin mwenyewe hakuliacha hivyo. Baada ya miaka 19, mwaka 1990, alitoa Tehanu. Ndani yake Tenar ni mjane wa makamo katika shamba la mumewe huko Gont, na analea mtoto wa kike aliyetupwa motoni na watu wake mwenyewe, nusu ya uso ukiwa umeungua. Safari hii mlezi ni yule aliyelelewa Atuan. Anamlisha, anamsimulia hadithi, anamshika anapoogopa, na anamwita Therru. Jina lake la kweli, Tehanu, mtoto anaitwa nalo mwishoni kabisa mwa kitabu. Anayemwita ni joka, na Tenar hadai kwamba ni yeye aliyempa.