Mita 30 za Kiamaiko

Kosa la Mei 2024 lilifanyika kabla tingatinga za kubomoa nyumba hazijawashwa. Lilikuwa kwenye futi. Watu wa Kiamaiko, kwenye bonde la Mathare, waliambiwa wahame mita 30 kutoka mtoni, na umbali kutoka kwa maji hausemi lolote kuhusu udongo uliobeba nyumba.

Kanuni za maji zenyewe hazisemi hivyo. Ukanda wa mto hufuata upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6, usizidi 30. Waliochukua namba hiyo ya mwisho na kuifanya sheria ya kila mahali waliruka hesabu nzima. Na futi ikilazwa juu ya mteremko wa nyuzi 30, mita 30 zake huwa mita 26 tu kwenye ramani. Isitoshe, mto haumegi kingo zake sawasawa. Kwenye kona, upande wa nje hukwanguliwa tumbo huku mchanga ukitua upande wa ndani. Nyumba iliyo mita 40 kutoka mtoni, juu ya udongo unaomeguka, iko hatarini zaidi kuliko ya mita 15 iliyokaa kwenye mwamba, na bonde hili lilichimbwa mawe zamani, mwamba upo. Tangu jengo la Huruma lilipoanguka usiku wa 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa, somo hilo limekuwa likirudiwa bila kusikilizwa.



Kupima udongo wenyewe, skana ya leza ingesimamishwa ng'ambo ya mto, ipige mamilioni ya miale, kila mwale unaorudi uache nukta. Wingu moja la nukta kabla ya masika, lingine baada yake. Tofauti ndiyo ardhi iliyokwenda, ikionekana kwa sentimita. Tangu 2013 kuna hesabu ya M3C2 ya Lague, Brodu na Leroux, inayopima kwa pembe mraba na uso wa ukuta badala ya kushuka wima, jambo la lazima kwenye ukingo uliochimbika chini. Lakini leza huona umbo, haioni uzito. Ukingo uliojazwa taka hudidimia wenyewe, na skana itauita mmomonyoko. Ndiyo maana lazima tope nalo likingwe, likaushwe, lipimwe kwa mizani.

Paul Temple na Anders Rapp hawakuwa na leza Mgeta, Uluguru, baada ya mvua ya 23 Februari 1970. Walipanda milima wakahesabu maporomoko zaidi ya 1,000, wakaandika kila moja lilianzia shambani, nyasini au msituni. Thomas Dunne naye, nchini Kenya, alipima mizizi iliyoachwa wazi: urefu kutoka mzizi hadi ardhi, ugawe kwa umri wa mti. Futi ileile.

Nyumba za ukingoni zingefanya kazi ya mizizi hiyo. Mstari wa saruji ukutani huonyesha udongo ulifika wapi siku msingi ulipojengwa, na mwenye nyumba hukumbuka mwaka. Tingatinga ziliubeba ushahidi huo pamoja na mabati.