Mche Hukaguliwa Mizizi

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokwama nyuma ya tuta la reli juu ya Mai Mahiu yalilipasua na kuteremka na mawe, miti na nyumba. Kijiji cha Kamuchiri kiliumia vibaya, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 10 Mei, Kenya nzima ilipewa siku ya mapumziko ili kuwaomboleza waliokufa katika mafuriko ya mwaka huo na kupanda miti.

Anayetaka kuwapandia marehemu wake bustani ya kivuli hapa ajue kwanza kwamba kivuli cha Mai Mahiu ni kikavu. Mvua nyingi huishia juu, upande wa Kijabe. Chini huku udongo ni wa majivu ya volkano, hupitisha maji upesi, na chini ya mgunga mizizi ya mti mkubwa ndiyo inayokunywa kwanza. Mmea unaonawiri kivulini Limuru unaweza kufia hapa. Ndiyo maana ua la Usambara silipendekezi hata kidogo, japo ni la Afrika Mashariki: limezoea unyevunyevu wa misitu ya milimani. Mkaratusi nao hufyonza maji ya jirani zake.

Mimi ningeanza na isale. Wachaga hulitumia kuombea msamaha, kwa hiyo halihitaji kuelezwa kaburini. Tena huvumilia kivuli na kiu. Linalofuata ni lile ua jekundu la mviringo ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Kiangazi hulala ardhini usione hata jani, mvua ikinyesha huchomoza. Tunguu lake lipime mkononi: liwe zito na gumu. Likibonyea shingoni au likinuka, lirudishe. Klivia ya Afrika Kusini ni nzuri pia, mradi ipate maji kidogo. Tazama majani yake mapana yaliyopangana pande mbili kama kipepeo cha kupepea moto.

Sasa mche wenyewe. Wateja wengi husimama kando ya barabara na kuchagua wenye maua, na muuzaji anajua hivyo. Ua ni la wiki mbili. Mwombe akutolee mche mmoja kwenye kiriba. Mizizi mizima ni myeupe au ya kahawia hafifu, imeshika udongo bila kuubana. Ikiwa imejizungusha chini ya kiriba mara kadhaa, mche umekaa kitaluni kupita kiasi, na mizizi itaendelea kujizungusha hata ikiwa shimoni. Udongo ukipukutika wote, mche ulihamishwa juzi.

Kisha tazama shina. Mche mrefu mwembamba, wenye nafasi kubwa kati ya jani na jani, ulibanwa na wenzake ukikimbilia mwanga. Chukua mfupi mnene. Muulize muuzaji pia ulilelewa wapi, maana mmea wa kivuli ulioanikwa juani kando ya lami huonyesha mabaka ya kahawia katikati ya jani, na mabaka hayo hayaponi.

Panda mvua za masika zikishashika, wala si kabla. Na kama pesa zinatosha miche sita dhaifu au miwili iliyokomaa mizizi, nunua miwili, ukaimwagilie kiangazi chote cha kwanza.