Runinga ya 3D na Sebule Iliyojaa Watu

Runinga za 3D ziliingia madukani mwaka 2010, filamu ya Avatar ikiwa bado inazungumzwa, na Kombe la Dunia la Afrika Kusini likirekodiwa kwa 3D katika mechi zipatazo 25. Kufikia 2017 hata LG na Sony walikuwa wameachana nazo. Wengi hulaumu miwani. Mimi naona tatizo lilikuwa katika mgao wa picha.

Macho yetu yametengana kwa sentimita sita hivi, kila jicho huona taswira yake, na ubongo hutumia tofauti hiyo kupima umbali. Kwa hiyo runinga lazima itoe picha mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kupokezana: picha 120 kwa sekunde, huku miwani ya betri ikiziba jicho moja baada ya jingine. Jicho likizibwa nusu ya muda, mwanga nao hupungua. Njia ya pili iligawa mistari 1,080 ya skrini, 540 kwa kila jicho, ikichujwa na utando uliobandikwa kwenye kioo. Miwani yake ilikuwa nyepesi, isiyo na betri.

Tuupeleke utando huo Kianjokoma, kule Embu, jioni ya mechi kubwa: wazee wako kwenye makochi, vijana wa jirani wamesimama mlangoni, watoto wameketi sakafuni karibu kabisa na runinga. Kati ya pikseli na utando kuna unene wa kioo. Kwa hiyo anayetazama kutoka chini huona mstari wa jicho la kushoto kupitia ukanda wa jicho la kulia, na mchezaji mmoja anakuwa wawili. Watoto ndio wangekosa mechi.

Kufikia 2016 LG ilikuwa imeweka mfumo huo kwenye runinga za 4K, kila jicho likapata mistari 1,080 kamili. Inasikitisha kwamba uliachwa ulipoanza kupendeza.

Leo kuna skrini zisizohitaji miwani, kama ya Samsung ya inchi 27 iliyotoka 2025. Kamera hufuata macho, lenzi hupeleka kila picha kwenye jicho lake. Lakini humhudumia mtu mmoja. Ukitaka watu kumi waone pamoja kwa mtindo huo, unahitaji picha 20. Gawanya pikseli milioni 8.3 za 4K kwa 20: kila jicho linabaki na 415,000 hivi, karibu sawa na runinga ya analojia tuliyoizima Kenya mwaka 2015.