Waliochora Katikati

Katika makumbusho ya familia ya Walt Disney kule San Francisco kuna tuzo ya Oscar isiyofanana na nyingine. Ni sanamu moja ya ukubwa wa kawaida, na kando yake vijisanamu saba vidogo vimepangwa kama ngazi. Walt alikabidhiwa mwaka wa 1939 kwa ajili ya Snow White and the Seven Dwarfs, filamu iliyoonyeshwa mara ya kwanza Desemba 1937. Utani wake unaeleweka: Snow White mmoja, vibete saba. Lakini ukiitazama kwa muda unaanza kuhesabu. Sanamu ni nane, na zote zilikwenda kwa mtu mmoja. Filamu yenyewe ilichorwa na mamia ya watu.

Hilo ndilo swali langu kwa makumbusho haya. Sijafika San Francisco. Kutoka Nyamira hadi huko kuna viza, nauli, na maombi ya mama. Ninayafahamu kwa mbali, kupitia vitabu vya maonyesho yao, mazungumzo waliyoyaweka mtandaoni, na filamu zenyewe, ambazo kizazi changu kilizitazama kwa sidii za kukodisha. Na nadhani umbali huo unasaidia. Aliye mlangoni huona taa. Aliye mbali hujiuliza umeme unatoka wapi.

Makumbusho yalifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2009, ndani ya kambi ya zamani ya jeshi iitwayo Presidio. Aliyeyaanzisha ni Diane Disney Miller, binti ya Walt, na yanaendeshwa na wakfu usio wa faida, si na kampuni ya Disney. Diane alikuwa amechoka kuona jina la babake limegeuka kuwa nembo tu. Alitaka watu wamjue mtu mwenyewe. Kwa hivyo kumbi kumi za kudumu zinamfuata Walt tangu utotoni Missouri hadi kifo chake mwezi Desemba 1966. Yumo Walt aliyeacha shule akiwa na miaka 16, jambo ambalo sisi tulioacha chuo hupenda kulitaja mbele ya wazazi. Yumo Walt ambaye studio yake ya kwanza, Laugh-O-Gram, ilifilisika mwaka wa 1923, na Walt aliyenyang'anywa sungura wake Oswald mwaka wa 1928 kisha akarudi na panya. Ukitaka kumpenda mtu, ni kumbi nzuri sana hizo. Hazifichi kuanguka kwake.

Shida ni kwamba kila kitu kinamwagika kwake. Ipo kamera ndefu ya multiplane, iliyopiga michoro iliyopangwa tabaka juu ya tabaka kwenye vioo ili msitu uonekane una kina. Ni mtambo wa ajabu, lakini mtambo haukuchora hata jani moja. Upo mgomo wa 1941 pia. Wafanyakazi walitoka nje mwezi Mei, wakadai chama na malipo ya haki, wakakaa barabarani wiki kadhaa. Wasimamizi wanastahili sifa kwa kutouficha. Ila katika hadithi ya baba iliyosimuliwa na binti, mgomo hauna budi kuwa kidonda cha baba. Tunaona jinsi ulivyomuumiza Walt. Kilichowafanya watu wale waache kalamu zao mezani kinabaki nyuma ya pazia.

Hapa inabidi tueleze kidogo kazi ilivyokwenda. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Mchoraji mkuu hachori zote. Yeye huchora zile muhimu: mkono ukiwa chini, mkono ukiwa juu. Michoro ya katikati, ile inayoutoa mkono chini kuufikisha juu, huchorwa na watu wa chini yake. Baada yao michoro ilikwenda idara ya wino na rangi, ambako wanawake waliinakili mstari kwa mstari kwenye karatasi angavu za seluloidi, wakageuza upande wa pili na kuzipaka rangi. Mwanamke akiomba kuchora, alirudishwa. Kuna barua ya studio ya mwaka wa 1938 inayomwambia mwombaji mmoja, bila haya, kwamba kazi ya ubunifu hufanywa na vijana wa kiume.

Mtu wa Gusii hahitaji kuelezwa zaidi. Ukitoka Nyamira, ukapita mji wa Kisii na kuteremka hadi Tabaka, utaikuta idara hiyo hiyo chini ya mti. Wanaume wanachonga mawe ya Kisii kwa panga na kisu. Wanawake wameketi mbele ya beseni za maji na msasa, wanasugua. Jiwe likitoka kwa mchongaji huwa na makovu. Ule ulaini ambao mtalii anaushika na kutoa pesa ni kazi ya mikono iliyo ndani ya maji. Kisha kifaru kinakwenda Nairobi, kinakwenda Ulaya, na chini ya tumbo lake kumekwaruzwa neno moja: Kenya. Kwani Kenya ndiyo iliyosugua?

Kwa hivyo nilipoanza kuyafuata makumbusho haya, kilichonivuta si kumbi za kudumu. Ni maonyesho ya muda, yale yanayokaa miezi kadhaa na kuondoka. Huko ndiko makumbusho yanabishana na jina lililo mlangoni pake, na huko ndiko yanakuwa makubwa.

Mfano bora ni maonyesho ya Tyrus Wong, yaliyofunguliwa mwaka wa 2013. Wong alizaliwa China mwaka wa 1910. Alifika Marekani mwaka wa 1920 akiwa mtoto mwenye karatasi za jina la bandia, kwa maana sheria ya wakati ule iliwafungia Wachina mlango, na akazuiliwa katika kituo cha Angel Island, kwenye ghuba ya San Francisco. Kisiwa hicho kipo kwenye maji yale yale yaliyo karibu na Presidio. Mwaka wa 1938 aliajiriwa na Disney kama mchoraji wa katikati. Kazi hiyo ilimchosha macho na roho. Aliposikia studio imekwama na Bambi, akachora kando picha ndogo za msitu kwa jicho la wachoraji wa kale wa China: ukungu, vivuli, mistari michache, na paa mdogo amesimama peke yake. Wenzake walikuwa wanachora kila jani. Wong alichora hisia ya kuwa msituni. Walt akazipenda, na filamu nzima, iliyotoka mwaka wa 1942, ikafuata mwonekano huo.

Bambi ilipotoka, Wong hakuwa tena studio. Alifutwa kazi mwaka wa 1941 katika vurumai iliyofuata mgomo, ingawa yeye hakugoma. Kwenye majina ya filamu aliandikwa kama mmoja tu wa wachoraji wa mandhari ya nyuma.

Miaka sabini na zaidi baadaye, makumbusho ya Walt yakampa kumbi akiwa hai, mzee aliyepita miaka mia, na kuonyesha kazi zake zote: Bambi, michoro ya filamu za studio nyingine, hata tiara kubwa alizotengeneza kwa mikono uzeeni. Alifariki mwaka wa 2016 akiwa na miaka 106. Mwaka wa 2014 ikawa zamu ya Mary Blair, mwanamke ambaye rangi zake ndizo zilizoipa Cinderella na Peter Pan sura tunayoikumbuka. Haya si mambo madogo. Taasisi ya familia ilifungua mlango na kukiri kwamba mwanzilishi alisimama juu ya mabega ya watu.

Lakini maonyesho ya muda ni ya muda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wong alipewa jembe kwanza, akalima shamba zima, ndipo akakaribishwa kama mgeni kwa miezi michache. Picha zake zikashushwa. Zile Oscar nane bado zipo. Kama mimi ningekuwa msimamizi, ningewaondoa akina Wong na Blair kwenye ratiba na kuwaweka ukutani kwa kudumu, ndani ya ukumbi wa miaka ya arobaini, karibu na ule mgomo. Hapo mgomo ungepata sababu.

Upande wa matukio ya jamii, naona makumbusho yanaelewa jambo ambalo kumbi zake zinasahau. Yana madarasa ya uhuishaji kwa watoto, filamu na mazungumzo, na tamasha la filamu fupi za vijana. Kijana akishachora kurasa thelathini ili mpira udunde mara moja tu, haamini tena kwamba mtu mmoja alitengeneza Snow White. Mkono wake unauma. Somo hilo hakuna kioo cha makumbusho kinachoweza kulifundisha.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuandika haya ili niwapangie Wamarekani kuta zao. Sisi pia tuna uhuishaji wenye historia. Mwaka wa 2010 televisheni ya watoto ya BBC ilianza kurusha Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz, kwa mtindo uliotokana na Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa kutoka Tunduru aliyeuawa Dar es Salaam mwaka wa 1972. Marekani vilionyeshwa na Disney. Kwame Nyong'o alitoa The Legend of Ngong Hills mwaka wa 2011. Ng'endo Mukii akatoa Yellow Fever mwaka wa 2012, kisha Enkai mwaka wa 2023 ndani ya Kizazi Moto. Mkusanyiko huo una jina la Kiswahili, na ulitoka kwenye Disney+, huduma ambayo wakati huo haikuwa imefunguliwa Kenya. Yaani jina letu liliingia, sisi tukabaki nje ya geti.

Mtaji wa jina kubwa tunaujua. Swali ni wale wa katikati. Nani aliyeusogeza mguu wa tembo wa Tinga Tinga kutoka pale hadi pale? Walikuwa vijana wa Nairobi, na wengi wao bado wanatembea mjini. Michoro yao ya kwanza iko kwenye kompyuta zilizokufa na diski zilizopotea wakati wa kuhama nyumba. Siku tutakapoamua kumjengea mwanzilishi wetu makumbusho, na tutamjengea, kwa sababu wanasiasa hupenda kukata utepe, tutaweka jina moja mlangoni na vitu vichache kwenye kioo, halafu tutashangaa kwa nini hadithi ina mtu mmoja.

Kujenga kunaweza kungoja. Orodha haiwezi. Studio iliyofanya kazi ile iandike majina yote, ya aliyechora mdomo, ya aliyepaka rangi, ya aliyeketi usiku akingoja kompyuta imalize. Aliye na diski aitafute leo. Na Tabaka, kabla kifaru hakijafungwa kwenye gazeti, pale chini ya tumbo pana nafasi ya kutosha kwa majina mawili: la aliyechonga na la aliyesugua.