Mgonga Kuta wa Sikonge

Malipo ya tumbaku yakianza kutoka, Sikonge huota madalali. Mkulima aliyepata chake anatafuta nyumba karibu na barabara ya Tabora, na mwenye nyumba aliyebanwa na ada au ugonjwa anataka kuuza kabla fedha hizo hazijaishia kwenye pikipiki. Ushauri ni uleule kila mwaka: fyeka majani, piga rangi, badilisha bati la mbele linaloonekana barabarani. Mteja atapatikana tu.

Fundi ninayetaka kumsifu haanzi na rangi. Mtaani humwita Babu, hata wale waliomzidi umri. Akiitwa kuandaa nyumba ya kuuzwa husalimia, huulizia watoto, kisha huanza kugonga kuta kwa vifundo vya vidole, chini ya madirisha kwanza, halafu pembeni. Lipu iliyoshika hutoa mlio mkavu, mfupi. Iliyoachana na tofali hulia kama mtungi mtupu, na hapo huweka alama ya msalaba kwa mkaa. Nimewahi kuona sebule ikijaa misalaba mpaka mama mwenye nyumba akashika kiuno: "Babu, umekuja kuniuzia au kuniaibisha?"

"Nakuuzia, mwanangu. Mnunuzi naye ana vidole."

Kisha kuna mchwa, ambao katika nchi hii ya miombo ni wenyeji kuliko sisi sote. Fundi wa kawaida akiona njia ya udongo imepanda kwenye fremu ya mlango huikwangua, hupaka rangi ya mafuta, basi. Babu huivunja kidogo tu, upana wa shubiri, halafu huenda zake. Alfajiri hurudi kutazama. Njia ikiwa bado wazi, hao walishahama zamani. Ikiwa imezibwa kwa udongo mbichi, wenyewe wamo, na fremu hutoka siku hiyohiyo. Ya mninga huiacha kwa heshima, maana moyo wa mninga mchwa hawauwezi kirahisi. Ni hizi mbao nyeupe za siku hizi anazozing'oa huku akiguna.

Ila ninachokipenda kuliko vyote ni anavyoutendea ufa. Haufukii. Hukoroga niru kidogo, akabandika kiraka chembamba, upana wa vidole vitatu, kikikatiza ufa wenyewe, na kabla hakijakauka huchora tarehe juu yake kwa msumari. Halafu husubiri. Kiraka kikipasuka, msingi bado unashuka, na kuuziba ukuta kabla ya kuutengeneza msingi ni kumtupia mgeni mzigo wako. Kikikaa kizima, ufa ni wa zamani, ukuta umeshatulia.

Tarehe hizo hazifuti. Zipo nyumba hapa ambazo ukipitisha mkono nyuma ya kabati unazisoma kwa vidole, tarehe juu ya tarehe, za masika na za kiangazi, katika mwandiko uleule wa msumari. Mwalimu mmoja mstaafu alinunua nyumba kwa sababu ya viraka hivyo. Dalali alikuwa anamvuta aone jiko. Yeye alibaki chumbani amechuchumaa, anasoma ukuta. Aliponyanyuka aliuliza bei, wala hakuomba apunguziwe sana.

Kwa nyumba za tofali mbichi, Babu hataki kusikia saruji. Hupiga lipu ya udongo wa kichuguu uliokanyagwa vizuri na majani makavu, juu yake chokaa. Udongo hunywa unyevu na kuutoa; saruji ni ngumu, haifuati mwendo huo, nayo hubanduka vipande vizima baada ya mvua za miaka michache. Wenye nyumba hubisha. Saruji inaonekana ya kisasa, na ya kisasa ndiyo yenye bei.

Huku kwetu udongo si jambo la unyonge. Kule Kwihara, upande wa Tabora, yalikuwako matembe ya njia ya misafara, kuta nene za udongo. Stanley alikaa hapo mwaka 1871, na Livingstone akangoja wapagazi humo hadi Agosti 1872. Majina ya wageni hao yamo vitabuni. Waliokandika kuta zilizowakinga jua hakuna anayewataja.

Nyumba nyingine imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Kila Mtanzania anajua maana yake: kuna ndugu hawajaelewana, au tapeli amewahi kuiletea wateja. Babu hagusi maandishi hayo mpaka warithi wote wasimame uani mbele yake pamoja na msimamizi wa mirathi. Na mume akiuza, humtafuta mke jikoni na kumuuliza mwenyewe, peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Lakini sidhani kama Babu anafuata sheria. Anasema tu kwamba nyumba yenye mtu anayelia ndani haiandaliki.

Siku hizi nyumba huandaliwa kwa ajili ya simu. Wanapiga skimu juu ya lipu inayolia utupu, wanatundika dari la jipsamu chini ya bati linalovuja, wanawasha taa za rangi kuzunguka dari, wanapiga picha. Mnunuzi yuko Mwanza au Dar es Salaam, anatuma kianzio usiku huohuo. Picha haigongeki. Desemba maji yanashuka, doa la kahawia linatambaa juu ya kitanda kipya, na namba ya dalali haipatikani.

Mwanafunzi wa mwisho wa Babu ameshaondoka. Anapaka rangi Tabora mjini, na nilipomkuta alinieleza bila haya wala chuki. Kwa Babu, alisema, nyumba moja inakula mwezi, na siku za kusubiri kiraka hakuna anayezilipa. Kwa skimu ni siku nne, na dalali anapiga simu ya nyumba nyingine kabla ndoo hazijaoshwa. Nilimuuliza kama bado anagonga kuta. Akacheka: anagonga, ila kimoyomoyo, mwenye nyumba asije akasikia.