Kiungo Kipi Kimelegea?

Katika tafsiri za miongozo ya ufundi wa magari, istilahi "kiungo cha usukani" hubebeshwa mzigo isiouweza. Boljointi, ncha ya tairodi, hata kingipini, vyote huitwa hivyo. Dereva wa lori aandikapo katika fomu ya ukaguzi kwamba kiungo kimelegea, karani wa stoo atatoa kipuri gani?

Gereji haina utata huo. Ekseli ya mbele ikiisha kuinuliwa na kuegemezwa imara, fundi hulishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likicheza, huagiza breki ikanyagwe. Mchezo ukitoweka, beringi ndiyo iliyolegea. Ukibaki, kingipini au bushi zake zimelika. Kisha hushika kushoto na kulia, na hapo huzitazama ncha za tairodi. (Miongozo ya Kiingereza hutaja mahali pa kushika kwa mishale ya saa. Mfasiri aandike "juu" na "chini", maana saa sita yetu i juu, yao i chini.)

Wako watakaoliona neno "mchezo" kuwa la mitaani. Mimi silioni hivyo: "gurudumu linacheza" ni Kiswahili fasaha, nalo lapita "uhuru wa mwendo" wa mfasiri. Springi na shokomzoba zimekwisha kuzoeleka. Hatuna haja ya kuzigusa.

Napendekeza kingipini na tairodi zisanifiwe kama zitamkwavyo na mafundi. "Kiungo" kibaki jina la jumla, wala kisiandikwe peke yake katika fomu ya ukaguzi.